Nukta Mbili za Mkufunzi

Mkufunzi wetu wa uchoraji wa kompyuta alikuwa na maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko salamu. "Umejifungia. Toka nje." Mgeni akipita barazani pale chuoni Dodoma angedhani kuna mwanafunzi anafukuzwa darasani, kumbe hakuna aliyeinuka kitini. Alikuwa akimwambia mtu aliyeuvuta mchoro karibu mpaka skrini nzima imejaa mstari mmoja, na sasa hajui kama anatazama ukuta wa choo au ukingo wa dirisha. Kutoka nje maana yake ilikuwa kurudisha nyuma kigurudumu cha mausi, mchoro usogee mbali, nyumba yote ionekane, ujue upo wapi.

Kigurudumu hicho ndicho kilikuwa somo letu wiki nzima ya kwanza. Ukikizungusha mbele unaingia. Ukikirudisha nyuma unatoka. Ukikibonyeza na kukishikilia unauburuza mchoro kama karatasi juu ya meza. Ukikibonyeza mara mbili, haraka haraka, kila ulichochora kinajipanga ndani ya skrini, chote, hata kile ulichokisahau. Tulinung'unika sana. Tumekuja kujifunza kuchora maghorofa, yeye anatufundisha kuingia na kutoka.

"Mtu asiyejua kutoka," alisema, "asiingie kwenye mchoro wangu."

Na maneno hayo aliyasema ndani ya chumba ambacho sijapata kuona kingine kilichofungwa kama kile. Madirisha yalikuwa na nondo kwa sababu ya wezi, na juu ya nondo kulikuwa na pazia zito, maana jua la Dodoma likiingia huoni kitu kwenye kioo cha kompyuta. Mlango ulikuwa wa chuma. Kipindi kikianza aliufunga kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni. Aliyechelewa alisimama nje ameshika nondo, anasikiliza somo kama ndugu aliyekuja kumtazama mfungwa. Nimesimama pale zaidi ya mara moja, na nilikuwa nikijiuliza ni nani hasa kati yetu aliyefungiwa: mimi niliyeachwa juani, au wale waliokuwa ndani wanatoka jasho, huku mtu mmoja akizunguka nyuma ya viti vyao na kuwaambia watoke nje.

Hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Alivaa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na mfukoni alichomeka kalamu ambayo sikuwahi kuiona ikiandika. Ukimwuliza swali alikujibu kwa swali. Ukimwonyesha kazi nzuri alisema, "Endelea," na ukimwonyesha kazi mbaya alisema vilevile, "Endelea," ila kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyouma. Salamu alizidai. Usipomwamkia alikusimamisha ukumbini mbele za watu na kukuuliza kama kwenu hakuna wazee.

Kwao kulikuwa upande wa Chemba, na lugha ya nyumbani kwao ni ile yenye sauti za kugonga ulimi. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekipata shuleni akakishika vizuri, sentensi zimenyooka kama mistari yake. Lakini mchoro ukimfurahisha kweli, kuna neno lilimtoka la kwao, fupi, lenye mlio wa kugonga ulimi ndani yake. Hakuwahi kutuambia maana yake. Tulimbembeleza, akasema halina maana, ni kelele tu. Tuliitafuta kelele hiyo kuliko alama za mtihani. Mimi nimeipata mara moja, kwa ngazi niliyoichora ikageuka kona bila kumgonga mtu kichwa, na tangu siku hiyo akaniita "binti wa ngazi", hata baada ya kuhitimu.

Siku moja alitupeleka Makutupora, kwenye mashamba ya mizabibu. Tulidhani tunaenda kula zabibu. Alituingiza katikati ya mistari ya mizabibu, kila mtu mstari wake, akatuambia tuchore shamba. Tukachora tulichokiona, yaani majani mbele, majani nyuma na mchanga chini. Kisha akatutoa mpaka mwisho wa shamba, palipoinuka kidogo, akasema tuchore tena. Kutoka pale mistari yote ilionekana, na banda la kuhifadhia vifaa, na njia ya trekta. Wanawake waliokuwa wakikata matawi walitucheka, watu wazima tunapangwa na kupanguliwa kama watoto wa chekechea. "Mmeona?" alituuliza. Tukasema tumeona. Kisha tukala zabibu, na yeye ndiye aliyekula nyingi kuliko sisi sote, anatema mbegu kwa ustadi wa kushangaza.

Kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa dogo sana. Mwenzetu mmoja, mausi ilimteleza bila kujua, akaacha nukta mbali kabisa na nyumba aliyokuwa akiichora. Nukta moja tu, huwezi kuiona. Alipobonyeza ili aone kila kitu, kompyuta ikatii: ikaonyesha nyumba na nukta pamoja, na kwa kuwa nukta ilikuwa mbali, nyumba ikanywea ikawa chembe kwenye pembe. Hakujali, akaichapa kwenye karatasi hivyohivyo. Mkufunzi aliishika ile karatasi nyeupe yenye kitu kama punje ya karanga pembeni, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ramani ya sisimizi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alimketisha mwenzetu mbele ya kompyuta na kumwambia aitafute nukta hiyo mpaka aipate, na sisi tukakaa ndani ya kile chumba cha nondo, njaa inauma, tunamsubiri apekue ule weusi wa skrini. Alipoifuta, nyumba ilirudi ikajaa skrini kama iliyopuliziwa hewa. Mkufunzi aliiita nukta ile aibu ya mchoraji, na hadithi hiyo aliisimulia kila darasa jipya lililoingia. Mwenzetu yule sasa ana kampuni yake, lakini tukikutana bado tunamwita Sisimizi.

Sasa mtu huyo aliyetuhubiria utaratibu, ukimkuta barabarani usingemjua. Alikuwa na pikipiki nyekundu, na Jumamosi aliipanda kwenda Bahi kununua mchele, na mvua zikiwa nzuri, samaki. Aliiendesha kama anayefukuzwa. Shati lililopigwa pasi lilijaa upepo likawa puto, na kofia ngumu aliifunga kwenye tangi la mafuta badala ya kichwani. Jumatatu aliwagawia walimu wenzake samaki waliofungwa kwenye gazeti, na kwa siku hiyo moja alikuwa mchangamfu, anasimulia maji yamefika wapi na ng'ombe wangapi wamezuia njia. Nadhani Bahi ndiyo ilikuwa nje yake.

Kisha pikipiki ikabaki chuoni, chini ya banda, tairi zikaisha upepo na kiti kikajaa vumbi. Mtu akimwuliza alijibu, "Imechoka." Alianza kuja kwa miguu, akipita karibu kabisa na ukuta.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi katika ofisi ya wachoraji mjini. Kazi ilikuwa nyingi, kila mtu Dodoma anajenga, na ofisi yetu ilimpa Mkufunzi baadhi ya michoro aichore kwa muda wake. Mimi ndiye niliyetumwa kwake mara kwa mara, kwa hiyo niliendelea kumwona pale chuoni, na niliendelea kusikia wanafunzi wanavyomsema. Walisema amepata kiburi cha uzeeni. Ukimwamkia kutoka kando, haitikii. Yeye aliyekuwa akisimamisha watu kwa ajili ya shikamoo, sasa anapita kama hakuna mtu. Nilimwona kwa macho yangu akijigonga kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi, kisha akalikaripia kabati. Na alikuwa amepata tabia mpya ya kukutazama akisogeza kichwa polepole, kutoka paji la uso wako hadi viatu, kisha kurudi juu. Wasichana hawakuipenda. Walisema mzee anawapima.

Michoro yake nayo ikaanza kuja na kasoro. Mwenzangu wa meza ya jirani alifungua mmoja, akabonyeza kigurudumu mara mbili, nyumba ikanywea ikawa kidude katikati ya skrini.

"Mzee wako kaishiwa," alisema. "Kaacha nukta."

Aliitafuta akaipata kushoto. Akaifuta, lakini nyumba haikurudi sawasawa, ikakimbilia upande. Kulikuwa na nyingine kulia. Akaifuta nayo, akaendelea na kazi zake. Mchoro wenyewe haukuwa na dosari hata moja. Mchoro uliofuata ulikuja na nukta mbili tena, kushoto na kulia, na uliofuata pia, na kila mara zilikuwa mbali zaidi. Mimi jambo hilo lilinikera nikashindwa kuliacha. Nukta moja ni mkono umeteleza. Lakini mbili? Nikapima umbali wa kila moja kutoka katikati ya nyumba. Ulikuwa sawasawa. Mtu wa "ramani ya sisimizi" alikuwa anaifanya aibu ya mchoraji kwa makusudi, tena kwa vipimo.

Nilikusudia kumwuliza, lakini michoro ikakoma. Tukasikia ameomba kustaafu mapema, yuko kwake Nzuguni, hatoki. Simu yake haikupokelewa. Zikapita mvua na kiangazi, kisha mkewe akanipigia.

"Mwanangu, mzee anasema uje. Anasema kuna kazi ndogo ya kompyuta, na hataki mtu mwingine."

Nyumba yao iko kwenye ile mitaa mipya ya Nzuguni ambako kila kiwanja kimezungushiwa ukuta kabla hata nyumba haijapauliwa. Ukuta wao ulikuwa mrefu kunizidi, na geti la bati zito lilikuwa na komeo ndani. Mkewe alilifungua kidogo, kiasi cha mimi kupita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Yupo, ataenda wapi?" Akanishika mkono mlangoni. "Pita hapo katikati. Kiti hicho usikisogeze, tafadhali. Kikihama kidogo tu, leo hakutakalika humu."

Mkufunzi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Nilimwamkia kutoka mlangoni. Aliitikia huku uso umeelekea ukutani.

"Marahaba. Njoo mbele yangu. Sogea kushoto. Kidogo tena. Hapo." Kichwa chake kikapanda na kushuka, polepole, kama nilivyokiona chuoni. "Kumbe kweli ni binti wa ngazi. Umenenepa."

Ndipo akaniambia, bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Ilianza kumla pembeni, na pembeni hakuna anayepaangalia. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi. Matone anayotia ni ya kulinda kilichobaki.

"Ulijua lini, mwalimu?"

"Barabara ya Bahi. Ng'ombe walivuka. Sikuwaona wakija. Niliwaona wakiwa tayari mbele ya tairi. Nilirudi nimeisukuma ile pikipiki kipande kirefu."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Chuoni wangeniweka mapokezi nikae kama pambo."

"Watu walisema una kiburi."

"Najua. Kiburi ni afadhali. Mwenye kiburi hakuna anayemwonea huruma."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ya wale wanafunzi aliowaacha wamchukie, na kwa sababu ya zile shikamoo zote zilizoanguka chini, na kwa sababu alikuwa na watu na hakumtumia hata mmoja. Nikamwuliza juu ya nukta, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

"Ah, uliziona." Alifurahi kabisa. "Wewe fikiri. Nyumba ikijaa skrini, mimi naona sebule tu. Nasogea, naona jiko, nimeshapoteza sebule. Lakini nyumba ikiwa ndogo, inaingia yote kwenye hili bomba langu. Na nikiingia ndani kuchora nikapotea, nabonyeza mara mbili, zile nukta zinanirudisha pale pale ninapoona. Bila kupapasa."

"Kwa nini mbili?"

"Moja ingeitupa nyumba pembeni. Pembeni sina."

Mchoro uliokuwa mbele yake ulikuwa nyumba yake mwenyewe, ile tuliyokaa ndani yake. Alinionyesha. Alikuwa amechora kila kitu kilipo: pipa la maji, mtungi wa gesi, kitanda na upande wa kila mtu, kile kiti nilichokatazwa, kamba ya kuanikia nguo uani na mti wa mpapai. Alisema kitu alichokichora kwa vipimo anakijua hata akifumba macho, na alitaka aimalize nyumba yote kabla bomba halijaziba. Lilibaki jiko peke yake. Baada ya hapo litakaloziba na lizibe.

"Yeye anachora, mimi nahamisha," mkewe alisema kutoka mlango wa jikoni. "Juzi nimesogeza ndoo, kaniita mharibifu wa ramani."

"Ndoo ina mahali pake, mama."

"Na wewe pia una mahali pako." Akanigeukia mimi. "Nimemwambia twende kwao Chemba. Ndugu zake wapo, uwanja upo, mtu anaweza hata kutembea mpaka shambani na mtoto wa kumshika mkono. Hataki."

"Kule sijapachora," alisema Mkufunzi.

Mkewe alirudi jikoni. Nikautazama mchoro tena, safari hii kwa jicho la kazi. Ulikuwa safi kama yote aliyowahi kuchora. Ukuta wa uzio ulizunguka nyumba pande zote na nje yake hakukuwa na mstari hata mmoja, si njia, si nyumba ya jirani. Kisha nikaliona geti. Kwenye ramani yoyote mlango huchorwa ukiwa wazi, na tao dogo la kuonyesha unafungukia upande gani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, na milango yote ya ndani ilikuwa na matao yake. Geti lilikuwa mstari mmoja mnyoofu, uliounganishwa na ukuta.

"Mwalimu, geti halina tao."

"Nimeliona."

"Nilichore?"

"Liache."

Nje, upepo ulilipiga bati la geti, likatoa mlio. Nikasema nilichokuwa nimekizuia tangu niingie, na niliona aibu kukisema, maana kilikuwa chake.

"Mwalimu, umejifungia."

Alitabasamu kwa upande mmoja. Mkono wake ulikuwa juu ya mausi, kidole kinakisugua kile kigurudumu bila kukizungusha.

"Najua, binti. Lakini safari hii gurudumu halirudi nyuma."

Kisha akaniambia kazi aliyoniitia. Nukta hazikutosha tena. Bomba lilikuwa limesinyaa, na akibonyeza mara mbili nyumba inakuja kubwa mno, chumba cha mwisho kinakatika. Alitaka zisogezwe mbali zaidi, na mwenyewe hawezi kuzishika kwa sababu zinakaa pembezoni mwa skrini, mahali ambapo kwake hapapo. Mkewe angeweza kuzitafuta, ila asingejua kuzipeleka sawasawa.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaishika ya kushoto nikaivuta, kisha ya kulia kwa kipimo kilekile, nikabonyeza mara mbili. Nyumba ikanywea.

"Bado," alisema nyuma ya bega langu.

Nikazivuta tena. Nyumba ikawa kama punje ya karanga.

"Bado."

Nikazivuta tena, mpaka ikawa kama punje ya mchele katikati ya weusi wote ule, na mimi mwenye macho mazima nikalazimika kuinama ili nione kama bado ina vyumba. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha nikalisikia lile neno lake la kwao, fupi, na ulimi ukagonga. Sikuwa nimelisikia tangu ile ngazi.

"Hapo," alisema. "Sasa naiona yote."

Nikahifadhi mchoro.

"Hiyo ya kushoto imefika wapi?" aliuliza. "Kwa vipimo."

Nikapima kutoka getini. "Imevuka barabara kubwa, mwalimu. Iko upande wa pili."

"Upande wa mjini."

"Ndiyo."

"Basi imeshika njia ya Bahi." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari nzuri ya mtoto wake. "Utakuja kuzisogeza tena."

"Nitakuja."

"Njoo. Zitakuwa zinakwenda tu, kila mara kidogo." Akanyoosha mkono, akaligusa bega langu, akakipapasa kiti mpaka akajua kilipo. "Na siku nukta hiyo itakapofika Bahi, hata wewe hutaiona nyumba. Siku hiyo tutakuwa sawa."